Seti ya kadi ya milango minne: bodi nzuri, programu isiyomjua mtu

Seti hii huja katika boksi la kaki lisilo na jina la kampuni. Ndani kuna bodi moja ya kudhibiti milango minne, visomaji vinne vya kadi za 125 kHz, sumaku nne za mlango za kilo 280, batani nne za kutokea, kasha la umeme la volti 12 lenye nafasi ya betri ya Ah 7, kadi 50 na programu ya kompyuta. Hukumu kwa aliye na haraka: bodi ni nzuri kuliko inavyoonekana, sumaku ni za kawaida, na programu haijui tofauti ya mtu na kadi yake. Hilo la mwisho ndilo litakalomsumbua mwenye jengo miaka mitatu baadaye, fundi aliyeifunga akiwa keshahamia Dar.

Kipimo cha mapitio haya ni jengo la aina iliyozoeleka Tanga mjini: ofisi mbele, ghala nyuma, mlango wa pembeni wa wapakiaji, wafanyakazi 60, zamu ya mchana na ya usiku, na bahari haiko mbali. Kwa nyumba ya kuishi kule Raskazoni seti hii ni kubwa mno. Kisomaji kimoja kinachojitegemea, chenye vitufe vya namba, kinatosha.

Kabla ya kugusa programu, mwache meneja aseme kwa kinywa chake anachotaka. Atasema kitu kama hiki: "Bakari wa zamu ya usiku aingie ghalani kwa mlango wa nyuma kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa sikukuu." Iandike sentensi hiyo, kisha pigia mstari kila jina la kitu. Utapata mtu, zamu, ghala, mlango, saa na sikukuu. Sasa fungua programu uangalie menyu zake: kadi, kisomaji, bodi. Meneja hakutaja hata kimoja kati ya hivyo, na programu haina pa kuweka nusu ya aliyoyataja. Karibu kila kasoro iliyoelezwa hapa chini imetoka kwenye ufa huo.

Si kila jina lililopigiwa mstari linastahili kuwa kitu cha mfumo. Liulize maswali matatu. Je, linaweza kupewa namba yake isiyobadilika? Je, lina mwanzo na mwisho wake, mbali na vingine? Je, ipo siku mtu ataliulizia lenyewe peke yake? Likipita yote, lipe jedwali lake. Lisipopita, ni sifa tu ya kitu kingine. Rangi ya kadi ni sifa. Jina la mtu nalo ni sifa, ingawa wengi hulifanya utambulisho. Katika wafanyakazi 60 wa Tanga usishangae kukuta wawili wanaoitwa Bakari Hamisi Bakari. Lakini kadi yenyewe ni kitu kamili: hutolewa, hupotea, hufungiwa, hurudishwa, hupewa mwingine.

Programu hii inawafanya mtu na kadi chanda na pete. Fomu ni moja: juu jina, chini namba ya kadi, na nafasi ya namba ni moja tu. Kadi ikipotea una njia mbili, zote mbaya. Ukibadilisha namba kwenye fomu ileile, kadi ya zamani inafutika kabisa, na atakayeiokota akaijaribu mlangoni ataonekana kama kadi isiyojulikana, bila alama kwamba ilikuwa ya nani. Ukifungua fomu mpya, mtu mmoja anakuwa wawili, na hesabu ya mahudhurio inapasuka. Kibaya zaidi, ukimpa mfanyakazi mpya kadi iliyorudishwa na aliyeacha kazi, taarifa ya miezi iliyopita inachapa jina la mpya kwenye safari za wa zamani, kwa sababu orodha ya matukio imehifadhi namba ya kadi tu na jina linachukuliwa kutoka kwenye fomu ya leo.

Dawa ipo, ila ni ya nidhamu. Mpe kila mtu namba ya ajira isiyorudiwa, tuseme 0147. Kadi yake ya kwanza iandikishe kama 0147-A, ya pili 0147-B. Fomu ya kadi iliyopotea usiifute: rudisha tarehe yake ya mwisho iwe ya jana, ondoa ruhusa zote, halafu iache ikae. Kadi iliyorudishwa usimpe mwingine. Kadi ni rahisi kuliko kesi. Na usitumie namba ya NIDA kama utambulisho wa mfumo, hata kama inaonekana nzuri kwa kuwa haifanani na ya mwingine. Tarakimu zake 20 huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, na hakuna sababu ya mlinzi wa getini kujua umri wa kila mhasibu.

Namba ya kadi ina mitego yake. Kwenye kadi za namna hii huchapwa namba mbili, kwa mfano 0012345678 na pembeni 188,24910. Ni namba ileile iliyoandikwa kwa njia mbili: 188 ukizidisha kwa 65,536, ukajumlisha 24,910, unapata 12,345,678. Kisomaji kikituma kwa mtindo wa Wiegand (namna ya kupeleka namba kwa waya kutoka kisomaji hadi bodi) wa biti 26, biti 8 zinabeba ile 188, biti 16 zinabeba 24910, na mbili zilizobaki ni za ukaguzi. Programu inataka uandike 18824910. Sehemu ya pili lazima iwe na tarakimu tano, hivyo kadi ya 188,00910 ni 18800910. Karani akiandika 188910 kadi itakataliwa, na lawama zote zitamwangukia fundi. Njia salama ni kutoandika kwa mkono: gonga kadi kwenye kisomaji, subiri tukio la "kadi isiyojulikana", nakili namba kutoka hapo.

Mtego wa pili hauonekani kwa macho. Zile biti 8 na 16, jumla 24, zinaishia 16,777,215. Kadi ambayo namba yake ndefu inazidi hapo hukatwa kichwa njiani, na kadi mbili tofauti zinaweza kufika kwenye bodi zikiwa na namba moja. Bodi hii inapokea pia Wiegand ya biti 34, na visomaji vyake vinaweza kubadilishwa. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla ya kuandikisha kadi hata moja, maana baada ya hapo namba zote zinabadilika sura.

Kadi zenyewe za 125 kHz hunakilika kwa kifaa kidogo kinachoshikwa mkononi, kwa sekunde chache. Kwa mlango wa ofisi si neno. Kwa stoo ya fedha au chumba cha sava, nunua kisomaji cha kadi zenye usimbaji wa kweli, kama DESFire. Aina nyingine ya kadi, MIFARE Classic, usiitegemee. Kinga yake ilivunjwa hadharani tangu 2008.

Mlango na kisomaji vimechanganywa vilevile. Katika programu, "mlango 1" maana yake ni tundu la kwanza la bodi. Bodi ikiungua ukaweka nyingine, milango yako yote inazaliwa upya ikiwa na historia tupu. Mlango halisi una visomaji, kimoja au viwili (cha kuingilia na cha kutokea), kufuli, batani na kihisi cha sumaku kinachosema kama ubao umefungwa. Kihisi hicho hakimo kwenye boksi, na mafundi wengi hukiruka. Bila hicho mfumo unajua kwamba ulimruhusu mtu, ila haujui kama mlango ulifunguliwa, ulilazimishwa, au umeegeshwa jiwe ili upepo upite. Nunua vinne. Weka muda wa kufunguka sekunde 5 na kengele ya mlango kuachwa wazi baada ya sekunde 30. Kwa mlango wa wapakiaji iwe dakika 3, la sivyo kengele italia mchana kutwa na mlinzi ataikata waya.

Eneo halimo kabisa. Meneja alisema "ghalani", programu inajua milango tu. Tofauti inaonekana siku ya moto: swali la "nani yuko ndani ya ghala sasa hivi?" halina jibu, kwa kuwa ghala lina milango miwili na hakuna mahali pa kusema kwamba yote miwili inaingia chumba kimoja. Ile kinga ya mtu kupitisha kadi kwa mwenzake aliye nje ipo, lakini hufanya kazi mlango kwa mlango. Ukiingia wa nyuma ukatokea wa pembeni, kadi yako inakwama siku nzima. Kwa jengo hili, iache imezimwa.

Ruhusa hutolewa kwa kuweka alama ya tiki, mtu mmoja mmoja, mlango mmoja mmoja. Watu 60 kwa milango 4 ni visanduku 240. Kuna sehemu ya "idara" lakini ni lebo tu, haibebi ruhusa. Wazo la kuweka kitu katikati ya mtu na ruhusa, yaani wadhifa, David Ferraiolo na Richard Kuhn waliliandika kwa utaratibu kamili nchini Marekani mwaka 1992, na linapunguza kazi hapa kwa kiasi kikubwa: makundi 5 kwa milango 4 ni maamuzi 20, kisha kila mtu anawekwa kwenye kundi lake. Programu hii inakulazimisha kulifanya kichwani. Andika jedwali la makundi kwenye lahajedwali, chapa, bandika ukutani, na tumia kitufe cha kunakili ruhusa kutoka mtu wa mfano kwenda kwa wengine. Ila kunakili si kuunganisha: ukibadilisha mfano kesho, walionakiliwa hawafuati.

Wageni wapewe kundi lao. Kadi ya mgeni ni waja leo waondoka leo, kama Tanga yenyewe inavyosemwa: iwe na tarehe ya mwisho ya siku hiyohiyo, ifungue mlango wa mbele tu, na jina la aliyeibeba libaki kwenye daftari la mlinzi, kwa sababu humu hakuna pa kuliweka.

Ratiba ndipo penye utamu na uchungu. Kosa la kwanza ni la saa. Karani aliyeambiwa "saa mbili asubuhi" akiandika 02:00, amefungua ofisi saa nane za usiku. Kila saa iliyotajwa kwa Kiswahili itafsiriwe kwenye karatasi kwanza kwa kuongeza au kupunguza 6, na meneja atie saini. Kosa la pili ni la siku. Kwa hesabu ya wazee wa pwani siku huanza magharibi, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni Alhamisi baada ya jua kuzama, na kwa mwingine ni Ijumaa yenyewe. Andika "usiku wa kuamkia" kila mara, ugomvi utaisha.

Zamu ya usiku inavuka saa sita, na bodi haikubali kipindi kinachovuka. Lazima ukikate viwili: 18:00 hadi 23:59, kisha 00:00 hadi 06:00. Wengi huviweka vyote kwenye ratiba moja yenye tiki za Jumatatu hadi Ijumaa, na hapo ndipo kosa linapozaliwa. Anayeanza kazi Ijumaa jioni akitoka nje kunywa chai saa saba usiku hataweza kurudi, kwa kuwa kwa bodi tayari ni Jumamosi. Wakati huohuo, mlango unamkubali alfajiri ya Jumatatu ambayo hana zamu. Tengeneza ratiba mbili: ya jioni yenye Jumatatu hadi Ijumaa, na ya alfajiri yenye Jumanne hadi Jumamosi, kisha ziunganishe (bodi inaruhusu ratiba moja kuita nyingine). Baada ya hapo jaribu kadi saa 5:59 usiku na tena saa 6:00 kamili. Bodi nyingine huacha pengo la dakika moja hapo.

Sikukuu zina jedwali lake, na hili ni jambo zuri. 12 Januari, 7 Aprili, 26 Aprili, 1 Mei, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba na 9 Desemba ziingize mara moja. Pasaka huhama, iingize kila mwaka. Idd ndiyo inayohitaji mtu: tarehe haijulikani kwa hakika mpaka mwezi uandame, na habari hufika usiku. Lazima awepo mmoja mwenye nywila ya programu, awe mjini, na ajue kubonyeza "pakia kwenye bodi" baada ya kubadilisha. Bila kupakia, mabadiliko yanabaki kwenye kompyuta na milango haina habari. Programu haikukumbushi, na hiyo ni kasoro ya kijinga.

Tukio, yaani ule mstari mmoja wa nani, wapi, lini na matokeo gani, bodi inaliheshimu. Inahifadhi matukio 100,000 hata kompyuta ikiwa imezimwa, na hayafutiki ovyo. Lakini bodi hizi hutoka kiwandani zikiwa na saa ya China, ambayo iko mbele ya yetu kwa saa 5: aliyeingia saa 2 asubuhi ataonekana ameingia saa 7 mchana. Linganisha saa kabla ya kugonga kadi ya kwanza. Matukio yaliyokwisha kuandikwa hayasahihishiki. Kwa lile tatizo la majina kubadilika, toa taarifa ya kila mwezi, ihifadhi kama PDF, na usiitegemee programu ikusimulie ya mwaka jana.

Kwa upande wa umeme na chuma, hesabu ni hizi. Kila sumaku inakula karibu ampea 0.5, nne ni 2. Bodi na visomaji jumla yake karibu 0.8. Betri ya Ah 7 ikigawanywa kwa 2.8 inatoa saa mbili na nusu kwenye karatasi, na chini ya mbili kwa kweli. Umeme ukikatika zaidi ya hapo sumaku zinaachia na ghala linakuwa wazi. Kwa hiyo sumaku zibaki ofisini, mahali pa watu wengi, na milango miwili ya ghala iwekewe vitasa vya umeme vinavyobaki vimefungwa umeme ukikosekana, vyenye mpini wa ndani unaofunguka siku zote kwa mkono. Sumaku zilizobaki utakuwa nazo kama akiba.

Usipeleke umeme wa sumaku kwa waya wa mtandao. Mita 30 za waya huo mwembamba, kwenda na kurudi, zinakula volti 2.5 hivi, sumaku inapata 9.5 na mlango unavutika kwa bega. Waya wa milimita 1 ya mraba unapoteza nusu volti tu. Weka dayodi ya 1N4007 (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila kufuli, mstari wake ukielekea chanya, la sivyo mshtuko wa koili utaua rilei (swichi za umeme) za bodi moja baada ya nyingine. Waya za visomaji zinazobeba namba ya kadi ni mbili: kijani ni D0, nyeupe ni D1. Ukizigeuza, kadi ama hazisomeki ama 188,24910 inatokea kama 67,40625, biti zote zikiwa zimepinduliwa. Ukiona namba ngeni kabisa, anza kukagua hapo kabla ya kulaumu kadi.

Hewa ya chumvi inashambulia bamba la sumaku na skrubu za batani. Bamba lisikazwe sana. Lazima licheze kidogo juu ya mpira wake ili likae sawasawa na sumaku, na lifutwe kwa kitambaa kikavu kila mwezi. Kutu nyembamba kama karatasi inatosha kupunguza nguvu ya kushika. Kisomaji cha nje kiwe kilichojazwa gundi ndani, na matundu ya waya yazibwe kwa silikoni.

Kuna toleo la seti hii lenye kisomaji cha alama za vidole. Hapo unaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na kuna usajili kwenye Tume yake. Kadi za kawaida nazo hazikuachi huru, maana orodha ya nani aliingia saa ngapi ni taarifa binafsi vilevile. Nywila ya kiwandani ibadilishwe, na bodi isiwekwe kwenye mtandao mmoja na Wi-Fi ya wageni. Mazungumzo yake na kompyuta hayajafichwa kwa usimbaji.

Kwa alama: bodi 4 kati ya 5, sumaku 3, visomaji 3, programu 2. Inafaa kwa jengo lenye watu chini ya 100 na karani mmoja makini. Ukizidi hapo, au ukiwa na majengo mawili, nunua bodi hii na utafute programu nyingine, na umuulize muuzaji wake maswali matatu tu: mtu mmoja anaweza kuwa na kadi mbili? Nikibadilisha bodi, mlango unabaki na historia yake? Nikimfuta mtu, jina lake linabaki kwenye matukio ya zamani? Akijikwaa kwenye la kwanza, usiendelee na la pili.

Na ndani ya kifuniko cha kasha la bodi bandika karatasi iliyofunikwa plastiki: namba ya mlango na jina lake kama wafanyakazi wanavyoliita, tundu la bodi, upande wa kisomaji, aina ya kufuli, rangi za waya, na tarehe betri ilipowekwa. Betri hiyo ibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kwa joto la Tanga usisubiri wa tatu.